Tata, Makoleo Yako Hayarithiwi

Tata,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwepo mpaka mwisho, kwa hiyo hapo naruka. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, isipokuwa goti lake lile lile. Mpunga wa juu umekubali, wa bondeni umechukuliwa na maji. Ulisema tangu zamani tusipande kule. Haya, umeshinda. Nakuandikia kwa sababu moja tu: kuna maneno umeyasema baada ya kufa. Kyela nzima inayajua, isipokuwa wewe, na naona si adabu mtu atajwe sokoni kwa maneno ambayo mwenyewe hajawahi kuyasikia.

Itabidi nianzie pale ulipoacha kufuatilia mambo. Kuanzia hapo ulikuwa umekaa kwenye kiti chako lakini hukuwepo.

Gego lako la chini, la kushoto, lilianza kukusumbua wakati tunaanika kakao. Ulikuwa umeshaanza kusahau majina ya watu na kujikwaa kwenye kizingiti cha chumba chetu cha meno, kile tulichopanga nyuma ya duka la Mzee Shabani serikali iliporuhusu watu binafsi kutibu. Tukasema ni uzee. Mkono ukaanza kuruka wenyewe, tukasema umechoka. Ukakataa kutibiwa na mtu mwingine, ukasema una binti aliyesomea meno, ya nini kumpelekea mtu baki mdomo wako. Nikakuchoma ganzi, nikalifungua gego, nikasafisha mshipa wake kwa vile vifaili vyembamba. Lilipokataa kupoa nikaling'oa kwa koleo lako kubwa, lile uliloliita Bibi. Ulitoka damu nyingi. Ulinisifu pia, jambo ambalo hukuwa na mazoea nalo. Kisha vyombo vyote vikaingia sufuriani pamoja na vya wagonjwa wengine, kama siku zote.

Sufuria lile lilikuwa fahari yako. Maji yakianza kutokota tulikaa kula. Tukimaliza kula na kunawa, vyombo vimeiva. Hukupenda kuangalia saa, ulisema saa inaweza kusimama lakini njaa haisimami. Na kabla ya kumfungua mtu mdomo ulimwonyesha koleo likiwa bado na joto, ukamwambia: "Moto umemaliza kila kitu." Wakulima wa Ipinda, wafanyabiashara wa Kasumulu wanaosubiri mizigo yao forodhani, mabaharia wa Itungi enzi zile meli zinajaa, wote walikaa kwenye kiti chako wakayasikia maneno hayo. Wengine walikuwa wanakuwahi kuyasema. Mimi nilirudi kutoka chuoni nikakuambia kuna vijidudu vinavyotaka mvuke wa shinikizo, si maji ya kutokota tu. Ukacheka, ukasema mvuke ni moto uliovaa koti.

Tulipokupeleka Dar es Salaam ulikuwa hutembei bila kushikwa. Daktari wa ubongo alikuwa kijana mpole, amechoka. Aliangalia unavyoshtuka mlango ukipigwa, akakuwekea nyaya kichwani, kisha akanitoa nje. Alisema hakika kamili inapatikana kwa kufungua kichwa baada ya mtu kufa, na anajua hatutakubali. Lakini alichokiona kinaitwa ugonjwa wa prioni. Nikamwambia mimi ni mtu wa meno, aeleze polepole na asinifiche. Akaeleza. Ndani ya ubongo kuna protini ambayo kila mtu anayo. Kwa mtu mmoja kati ya wengi sana, siku moja inajikunja vibaya, na hakuna anayejua kwa nini. Ikigusa ya jirani, nayo inajikunja. Zinaendelea hivyo mpaka ubongo unakuwa na matundu. Dawa hakuna. Hukuipata kwa kula kitu, hukuambukizwa na mtu, na sisi tuliokulisha na kukuogesha hatukuwa na la kuogopa.

Kisha akaniuliza kazi yangu kwa mara ya pili. Akauliza kama kuna mtu aliyekutibu meno tangu ugonjwa uanze. Nikasema, mimi.

Halafu akasema kitu hiki si kijidudu. Hakina uhai, kwa hiyo hakuna cha kuua. Kuchemsha hakukiwezi, na mvuke wa kawaida unakipunguza tu. Kinang'ang'ania chuma, hasa damu ikikaukia hapo, na maungio ya makoleo na michirizi ya vifaili ndiyo maficho yake. Akasema pia, nami nalisema ili niwe mkweli, kwamba hakuna mtu anayejulikana kuupata ugonjwa huu kwenye kiti cha meno. Hatari ni ndogo, pengine haipo kabisa. Lakini unaweza kukaa miaka mingi mwilini bila kujitokeza, kwa hiyo yeye hawezi kuniapia. "Usivichemshe, usimpe mtu, viharibu," alisema.

Nilikasirika, Tata. Nilimkasirikia yeye na upole wake. Vyombo ulivyovikusanya tangu ujana wako vilikuwa vimeingia sufuria moja, hakuna aliyeweza kusema hiki kilikugusa na hiki hakikukugusa. Kuharibu maana yake ilikuwa kuharibu vyote.

Nilirudi nikafunga chumba. Nikavitia vyote kwenye ule mfuko wako wa turubai, nikaufunga kamba, nikamweleza Mama peke yake. Nilitaka kuvimaliza siku ile ile. Mama akanikatalia katakata. Alisema wewe bado unapumua, na kukuzikia vyombo vyako ni sawa na kukuzika mwenyewe. Nikaona ana haki, nikausukuma mfuko chini ya kitanda changu.

Ulikufa mvua zilipoanza. Watu walijaa mpaka migombani. Ng'ombe wakachinjwa, na hapo kikatokea kioja. Redio ilikuwa imesema sana habari za ng'ombe wazimu wa Ulaya, na kuna mtu aliyesikia nusu ya ugonjwa wako akaanza kunong'ona. Mara wazee wazima, wenye fimbo zao, wanauliza nyama imetoka nchi gani. Baba Mdogo Anyimike akapanda juu ya benchi akatangaza kwamba ng'ombe ni wa Mwaya, kamfunga kamba yeye mwenyewe, na anamjua mpaka mama yake. Watu wakala. Ungecheka mpaka ukae chini. Mimi nilicheka, halafu nikageuka kukutafuta nikuangalie unavyocheka, nikakuta jeneza.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani baada ya uji wa asubuhi. Utaratibu wetu unaujua: mwenye kazi ya mikono akifa, chombo chake kinakabidhiwa kwa mrithi mbele ya watu, na mrithi anakitumia hapo hapo, hata kidogo, ili kazi isilale. Mrithi wa mhunzi anapiga nyundo. Mrithi wa mvuvi anatupa wavu. Baba Mdogo alikuwa amemwandaa mwanawe Lusekelo, ambaye kule Kasumulu anang'oa meno ya watu kwa kukuiga wewe, na kwa ujasiri wake mwenyewe. Hata mgonjwa alikuwa ameshapatikana: mjomba mmoja wa Ngonga, shavu limevimba, amekaa kwenye kigoda tayari. Sufuria lilikuwa mekoni linatokota. Mfuko walikuwa wameshautoa chini ya kitanda changu bila kuniuliza. Hakuna aliyekosa adabu pale, Tata. Walikuwa wanakuheshimu.

Nikasimama. Nikaeleza kama daktari alivyonieleza, kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa. Kinyakyusa hakina neno la protini, kwa hiyo nikasema ni kama uzi unaojifunga fundo na kuzifunga nyuzi za jirani. Nikasema maji ya moto hayauwezi. Nikasema hivi vyombo visiingie mdomoni mwa mtu tena, asivitumie Lusekelo wala mtu yeyote, hata kama marehemu ni baba yangu na ninavipenda kuliko wao. Baba Mdogo aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeongea na mfiwa aliyepungukiwa na usingizi. "Mwanangu," akasema, "marehemu mwenyewe alituambia moto unamaliza kila kitu. Wewe unajua kuliko yeye?" Watu wakaitikia. Walikuwa wanaitikia sauti yako. Nilikuwa nabishana na wewe mbele ya ukoo wako mwenyewe, nawe ulikuwa unanishinda vizuri tu. Lusekelo akaanza kufungua kamba. Mjomba wa Ngonga akaachama kabisa, eti awe tayari.

Ndipo Shangazi Tupokigwe, dada yako, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema bila kuinua macho: "Kitu kisichosikia moto si cha hospitali hicho. Kimetumwa."

Weee! Mkono wa Lusekelo ulitoka kwenye mfuko kama umeng'atwa na siafu. Mjomba wa Ngonga akafunga mdomo, akainuka na uvimbe wake, akaenda kusimama karibu na njia. Baba Mdogo mwenyewe akavuta benchi lake nyuma. Asubuhi nzima nimeeleza na hawakuamini hata neno. Neno moja la Shangazi, na chuma kikawa hakishikiki. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nilitaka kusema hakuna mtu aliyekutumia kitu, hii ni bahati mbaya ya mwili, inampata hata mzungu hospitalini kwao. Kisha nikautazama mfuko pale chini, peke yake, na watu wote wamerudi nyuma. Nikafunga mdomo.

Shida ya kitu kilichotumwa ni kwamba lazima awepo aliyekituma. Wakaanza kumtafuta. Haikuchukua muda wakafika kwa Mama Sekela, yule mfinyanzi wa Ikombe anayeleta vyungu vyake kwa mtumbwi. Wewe ulimvunjia jino likabaki kipande ndani, akaondoka ameshika shavu akisema utaona. Kumbe watu hawakuisahau "utaona" ile. Mmoja akasema mama huyo hajaja msibani. Mwingine, kijana tu, akauliza mtumbwi wake unafika siku gani. Aliuliza taratibu, kama anayeulizia bei ya mchele. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, Tata.

Basi nikasema: "Tata aliongea kabla hajafa."

Wakanigeukia wote. Hata watoto. Nikasema ulinishika mkono, ukaniambia hivi: "Msimtafute mtu. Vyombo vyangu vizikwe, na maneno yaishie hapo."

Ndiyo hayo maneno yako. Yashike, maana ndiyo utakayokumbukwa nayo. Baba Mdogo alilia kama mtoto, akasema ndivyo ulivyokuwa, hata unakufa unamfichia adui yako aibu. Shangazi akasema ndaga, asante, mdogo wangu, tumekusikia. Hakuna aliyebisha. Mimi niliye hai na cheti changu walinikatalia, lakini maiti hawezi kubishiwa. Yule kijana akaangalia chini, na habari ya mtumbwi ikaishia pale.

Wewe na mimi tunajua hukusema. Siku zako za mwisho hukuwa na neno hata moja, ulikuwa unashtuka tu kikombe kikiwekwa mezani. La mwisho lenye maana ulilisema kwenye basi, tunarudi, tumesimama Makambako watu wananunua mahindi ya kuchoma. Uliniangalia sana. Ukaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikakutajia jina lako. Ukafikiri, ukasema, "Ana bahati mzee huyo." Hilo sikumwambia mtu, hata Mama. Hilo nimelilia kuliko nilivyolia kaburini.

Kuvizika nako kulikuwa kazi. Kyela unaijua, ukichimba kidogo maji haya hapa, na mafuriko yakija yanafukua hata vilivyosahauliwa. Baba Mdogo alitaka twende tukavitupe ziwani penye kina. Nikamuuliza nyavu za watu zinavua nini huko. Kwanza nikavilaza kwenye ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Mzee Shabani alikuwa nayo stoo tangu miaka ile sabuni ilipokuwa haionekani. Sasa rafu zake zimejaa sabuni za kila rangi na hakuna anayeiulizia soda, akafurahi kuona inaondoka. Nilitumia ndoo ya plastiki, maana sufuria la alumini soda ingelila. Nikavaa glovu juu ya glovu, nikafunga uso kwa kitenge. Daktari alisema soda inasaidia sana, ila kwa vyombo vikuukuu vyenye maungio na kutu nisiiamini peke yake. Kwa hiyo nikanunua chungu kikubwa sokoni, nikavipanga ndani vikiwa vimelowa, Bibi akiwa chini kabisa, nikamimina saruji mpaka juu. Kilikuwa chungu cha Mama Sekela. Alinichagulia mwenyewe, akakigonga kwa kidole nisikie kama hakina ufa. Akanipa pole. Akasema ulikuwa fundi, ila kwake uliteleza. Hajui lolote, na Mungu asaidie asijue.

Lusekelo ndiye aliyechimba, kule mwinukoni kwenye shamba la Mama. Alichimba mpaka nikamwambia basi. Ni kijana mwema akiwa mbali na vinywa vya watu.

Sasa mjini wewe ni mtu aliyerogwa akasamehe. Mchungaji amekutaja kwenye mahubiri. Vijana wa sokoni wakitaka kuamua ugomvi wanasema maneno yaishie hapo, kama alivyosema daktari wa meno. Umri wako wote uliwaambia watu jino linaoza kwa uchafu na sukari, si kwa jirani, ukagombana na waganga, ukagombana na ndugu zako mwenyewe. Mimi kwa asubuhi moja nimekugeuza shahidi wa upande wa pili. Najua nilichofanya. Sikuombi radhi, na usinitokee ndotoni kunisuta. Ningeeleza tena kwanza kama daktari, na wangekataa tena, na ningesema tena ulichosema. Ila inaniuma. Nakutaja kwa watu na wanatikisa kichwa kwa heshima ambayo siyo yako, na siwezi kuwarudishia.

Kazi imefunguliwa upya. Mtoto wa Mzee Shabani ameniletea makoleo mengine kutoka Dar. Siku hizi kila kitu kinaletwa, mradi ujue pa kuulizia. Haya hayana majina. Nina chombo cha mvuke wa shinikizo sasa, moto umevaa koti kama ulivyotaka. Kila mgonjwa ana vyombo vyake vilivyofungwa kwenye kitambaa, navifungua mbele ya macho yake. Sindano ikitumika inatupwa, vifaili vya mshipa vikitumika vinatupwa, na vikiisha sifanyi mshipa, aende Mbeya. Mtu akinisihi namwambia hapana hadi anune. Wale wa zamani wananiuliza kwa nini siwaambii kwamba moto umemaliza kila kitu. Najibu, nimefanya ninavyoweza. Jibu hilo haliwapi raha, lakini wanaachama.

Kuna jambo la mwisho. Kati ya gego lako na safari ya Dar niliendelea kutibu, kwa vyombo vile, kwa sufuria lile. Watu hao nawajua wote kwa sura. Daktari alinikataza kuwatisha: kipimo hakuna, dawa hakuna, na kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna lolote. Nimemtii, sijawaambia. Lakini kwako ugonjwa ulianza kwa kusahau majina ya watu. Kwa hiyo nikikutana nao njiani nasimama. Nawauliza watoto wao wanaitwaje, mmoja mmoja, na mkubwa ameolewa wapi, na msimu uliopita mpunga walimuuzia nani. Nasubiri wajibu mpaka mwisho. Huku naangalia mikono yao. Watu wanasema tangu ufe nimekuwa mchangamfu, mimi niliyesifika kwa kununa. Mama amefurahi sana, anasema msiba umenilainisha.

Lala salama, Tata. Ndaga fijo kwa kazi uliyonipa. Nakuahidi sitakutilia neno jingine mdomoni, hata likihitajika. Na hao watu nitawauliza majina ya watoto wao mwaka hadi mwaka, mpaka wazeeke. Leo asubuhi mama mmoja wa Ipinda aliwataja wote vizuri, akafika kwa kitinda mimba wake, akasita. Nikashika ukingo wa meza. Akacheka, akasema jamani huyu tulimbadilisha jina kwenye ubatizo, akalitaja. Nikacheka naye, na mikono yangu haikuachia meza mpaka alipokuwa ameshatoka nje.

Binti yako,
Subilaga